Kadi za alama, namba za wasomi au jedwali lako: kupima kura za mbunge wa jimbo Marekani kwa mizani ya katiba

Mwakilishi mmoja wa jimbo anaweza kupata 95 kwa 100 kwenye kadi moja ya alama (orodha ambayo kikundi hutoa kumpa mbunge alama kwa kura alizopiga), akapata 10 kwenye nyingine, mwaka uleule, na kadi zote mbili zikawa zinatangaza kwamba zinapima utii kwa katiba. Hesabu zimepigwa sawasawa. Kinachotofautiana ni jiwe lililowekwa upande wa pili wa mizani, na mara nyingi jiwe hilo halionyeshwi.

Kwa msomaji aliyekwisha kuapa uraia na kujiandikisha kupiga kura, awe Brooklyn Park, Columbus au Houston, njia za kumpima mbunge wake ziko nne: kadi za vikundi, namba za wasomi, rekodi ghafi za kura, na jedwali analojitengenezea. (Mwenye kadi ya kijani hapigi kura ya jimbo, na akijaribu anahatarisha ukaazi wake. Lakini kusoma rekodi, kumwandikia mbunge au kutoa maoni mbele ya kamati ni ruhusa kwake kama kwa mwingine.) Tunaposema jimbo hapa tunamaanisha mojawapo ya yale 50, si jimbo la uchaguzi kama Tanzania.

Mfano mkuu utakuwa Minnesota, ambayo makao makuu yake ni Saint Paul: Baraza la Wawakilishi lenye watu 134, Seneti yenye 67, na jamii kubwa ya Wakenya, ambako mwaka 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia Baraza hilo.

Swali la Washington halifai Saint Paul

Kabla ya kulinganisha njia, kuna kosa moja linaloharibu kadi nyingi kuliko mengine yote.

Kongresi ya Marekani ina madaraka yaliyoorodheshwa. Mengi yako Ibara ya I, kifungu cha 8, na Marekebisho ya Kumi ya 1791 yanasema yasiyokabidhiwa serikali kuu yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kwa hiyo ukimpima mbunge wa Kongresi, swali halali ni: *umepewa wapi ruhusa ya kufanya hili?*

Bunge la jimbo liko kinyume chake. Lenyewe lina madaraka ya jumla ya kutunga sheria, na mipaka yake inatoka sehemu mbili: katiba ya nchi na katiba ya jimbo. Swali linageuka: *umekatazwa wapi, au umeamriwa wapi?*

Machi 2023 Minnesota ilipitisha sheria ya chakula cha bure shuleni. Kadi inayomkata mwakilishi alama kwa sababu "katiba haisemi popote kwamba serikali ilishe watoto" imebeba swali la Kongresi na kulipeleka mahali pasipolihusu. Unaweza kuipinga sheria hiyo kwa gharama yake, au kwa kuamini kulisha mtoto ni kazi ya mzazi. Hizo ni hoja za sera. Katiba ya Minnesota, Ibara ya XIII kifungu cha 1, ndiyo kwanza inaliamuru Bunge kuweka mfumo wa shule za umma ulio sawa kwa wote; haisemi neno kukataza uji wala sandwichi.

Na katiba za majimbo hazifanani. Ya Minnesota haina kifungu cha haki ya kumiliki silaha, kwa hiyo kura ya bunduki pale hupimwa kwa Marekebisho ya Pili ya katiba ya nchi, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliyafunga majimbo nayo mwaka 2010 tu, katika kesi ya McDonald dhidi ya Chicago, kwa kupitia Marekebisho ya Kumi na Nne ya 1868. Montana nako, katiba inampa raia haki ya mazingira safi na yenye afya. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Montana ilikubaliana na vijana walioshtaki jimbo: sheria iliyozuia maafisa kuzingatia gesi zinazopasha dunia joto wanapokagua miradi ilivunja haki hiyo. Mbunge wa Montana aliyeiunga mkono sheria ile angepata pointi kwenye kadi ya kihafidhina "ya katiba", ilhali kwa katiba ya jimbo lake mwenyewe, kama mahakama yake ilivyoisoma, alikosea. Ibara ya VI ya katiba ya nchi inamtaka mbunge wa jimbo aape kuilinda katiba hiyo. Kiapo cha jimbo kinaongeza ya pili. Kadi inayotaja moja tu imepima nusu ya kiapo.

Jaribio la sekunde thelathini kwa kadi yoyote: tazama kama pembeni ya kila kura kumeandikwa ni katiba ipi na kifungu kipi. Kama hakuna, unachosoma ni kadi ya sera iliyovishwa kanzu ya katiba.

Njia nne bega kwa bega

| Njia | Inakupa nini | Muda wako | Inapoteleza |
|---|---|---|---|
| Kadi ya kikundi | Alama moja, 0 hadi 100 | Dakika 10 | Uteuzi wa kura, watoro, swali lililofichwa |
| Namba za wasomi | Nafasi ya mbunge kati ya kushoto na kulia | Saa 1 | Hazigusi katiba kabisa |
| Rekodi ghafi | Nani alisema ndiyo, nani hapana | Jioni 2 au 3 | Lugha ya taratibu, kura za sauti |
| Jedwali lako | Jibu la swali ulilouliza wewe | Jumamosi 2 | Upendeleo wako mwenyewe |

Kadi za vikundi

Ziko za kila rangi. John Birch Society, iliyoanzishwa 1958, inadai waziwazi kupima kwa katiba, kwa maana ya serikali ndogo. American Conservative Union, ya 1964, inayojulikana zaidi kwa mkutano wake wa CPAC, inapima uhafidhina na imefika hadi mabunge ya majimbo. Upande mwingine, baadhi ya matawi ya ACLU, shirika la kutetea haki za raia, hutoa kadi za uhuru wa raia, na wenzao wa mazingira hufuata mtindo wa League of Conservation Voters, ambayo imekuwa ikipima Kongresi tangu 1970. Hakuna dhambi kwa kikundi kuwa na msimamo. Kadi ya mwenye msimamo unaoujua ina faida kuliko kadi inayojiita haina upande.

Tatizo la kwanza ni idadi. Kadi yenye kura 10 inaipa kila kura pointi 10, kwa hiyo pengo kati ya aliyepata 70 na aliyepata 80 ni la kura moja tu mwaka mzima. Zikiwa tatu kati ya hizo ni marekebisho ya muswada uleule, siku moja ya mjadala imebeba asilimia 30 ya sifa ya mtu.

La pili ni uteuzi. Mwaka 1992 mwanasayansi wa siasa James Snyder alionyesha kwa hesabu jambo ambalo ukilitazama tu utaliona: kikundi kikichagua kura zilizogawanya Bunge katikati, wabunge hujigawa mafungu mawili, karibu na 0 na karibu na 100, na wa katikati hutoweka. Wanaweza kuwepo kwa wingi. Kadi tu haina kura ya kuwaonyesha. Ukiona kadi ambayo chama kizima kiko juu ya 85 na kingine chini ya 15, umepata orodha ya vyama iliyoandikwa kwa tarakimu.

La tatu ni watoro, na hapa inafaa kukaa kidogo. Chukua mbunge aliyekosa kura 2 kati ya 10 na kupiga 8 zote "sahihi". Kadi inayohesabu kutokuwepo kama kosa itampa 80. Inayozitoa kwenye hesabu itampa 8 kwa 8, yaani 100. Mtu yuleyule. Ipi ni haki? Inategemea jimbo. Minnesota, Ibara ya IV kifungu cha 22, hutaka wingi wa wabunge *wote waliochaguliwa*: kura 68 kwa Baraza, 34 kwa Seneti, hata kama nusu wamekwenda kuvua samaki. Pale, kutokuwepo siku ya kupitisha muswada kuna uzito uleule wa hapana. Palipo na kanuni ya wingi wa waliopiga kura, mtoro kweli hajaongeza wala kupunguza.

Halafu kuna utoro wa makusudi. Texas hutaka akidi ya theluthi mbili, watu 100 kati ya 150, na Wademokrasia wamewahi kuondoka jimboni kuivunja akidi hiyo mwaka 2003, 2021 na 2025. Oregon walichoka: pendekezo la 113 lililopitishwa na wapiga kura mwaka 2022 linamzuia mbunge mwenye siku 10 au zaidi za kukosa bila ruhusa kushika kiti katika kipindi kinachofuata. Minnesota, Januari 2025, viti vilipokuwa vinagombaniwa na Wademokrasia (pale chama chao huitwa DFL) wakabaki nje, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua akidi ya Baraza ni 68. Kadi inayoweka alama "hakuwepo" kwa mgonjwa na kwa aliyevunja akidi imefuta tukio lenye uzito mkubwa wa kikatiba kuliko yote ya kikao hicho.

Namba za wasomi

Hapa tutapita haraka. Boris Shor na Nolan McCarty walichapisha mwaka 2011 njia ya kuwaweka wabunge wa majimbo yote kwenye mstari mmoja wa kushoto na kulia, kwa kuunganisha kura zao na majibu ya dodoso moja ambalo shirika la Vote Smart liliwapelekea wanasiasa nchi nzima. Ni kazi safi. Inajibu vizuri maswali kama: je, Mrepublican wa Massachusetts yuko kushoto kwa Mdemokrasia wa Mississippi? Lakini mbunge hupewa namba moja kwa maisha yake yote ya ubunge, na namba hiyo haijui katiba ni kitu gani. Itumie kwa jambo moja tu: kukagua kadi nyingine. Kama kadi "ya katiba" inawapanga wabunge kwa mfuatano uleule wa mstari wa Shor na McCarty, basi katiba haikuongeza taarifa yoyote.

Rekodi ghafi

LegiScan na Open States hukusanya miswada na kura za majimbo yote 50, bila malipo kwa matumizi ya kawaida, na unaweza kupakua faili na kulifungua kwenye Excel. Chanzo cha mwisho cha kukata ubishi ni kumbukumbu za Bunge lenyewe. Usitegemee kitu kama Hansadi: kumbukumbu hizi kwa kawaida hurekodi hoja na kura, si hotuba neno kwa neno.

Mitego yake inawanasa zaidi waliozoea mabunge ya kwetu.

Wa kwanza ni meza. Nairobi au Dodoma, hati "ikiwasilishwa mezani" imezaliwa. Marekani, hoja ya *kuweka mezani* ni ya kuuzika muswada au marekebisho bila kupigia kura kiini chake. Anayesema ndiyo kuweka mezani amesema hapana kwa jambo lenyewe. Ukikosea hapo, alama zako zote za kura hiyo zimepinduka.

Wa pili ni sauti. Aliyesikiliza Bunge la Dodoma anajua "waliosema ndiyo wameshinda", na hakuna jina lililobaki. Mabunge ya majimbo hufanya hivyo pia kwa marekebisho na hoja nyingi. New Hampshire, yenye wawakilishi 400, ina hata kura ya mashine inayotoa idadi bila majina. Kura ya kupitisha muswada kwa mara ya mwisho ndiyo salama zaidi: Minnesota huitaka iandikwe kwenye kumbukumbu, na Texas iliweka sharti la kura ya majina kwenye katiba yake mwaka 2007. Wakenya wanakumbuka uzito wa majina baada ya Muswada wa Fedha wa 2024 kupita kwa 195 dhidi ya 106; kungekuwa na kura ya sauti siku ile, mitaa ingekuwa na hasira bila orodha.

Wa tatu ni toleo. Muswada hupigiwa kura Barazani, hubadilishwa Seneti, hurudi kupigiwa tena. Chukua kura ya toleo lililokwenda kwa gavana, na iangalie pamoja na ile ya kwanza: aliyebadilika katikati mara nyingi ana sababu unayoweza kumuuliza.

Wa nne ni kiongozi anayepiga kura dhidi ya muswada wake. Katika mabunge mengi, hoja ya kurudia kura hutolewa na aliyekuwa upande ulioshinda, kwa hiyo kiongozi akiona anashindwa hugeuka dakika ya mwisho ili aweze kuirudisha. Kwenye rekodi ataonekana msaliti.

Na usisahau miswada iliyofia kamatini. Mwenyekiti asiyepanga muswada kusikilizwa ameuua bila kupiga kura yoyote. Colorado ilifunga mlango huo mwaka 1988 kwa kulazimisha kila muswada usikilizwe. Kwingine, mbunge mwenye nguvu kuliko wote anaweza kuwa na rekodi nyeupe pe kwa sababu mabaya yote hayakufika ukumbini.

Jedwali lako: kura ambazo kadi huziruka

Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwa anayetaka jibu la katiba hasa. Sababu ni kwamba kura zenye katiba nyingi zaidi ndani yake ni za utaratibu, na kadi huziruka kwa kuwa hazisisimui.

Minnesota inatoa tatu nzuri. Ibara ya IV kifungu cha 19 hutaka kila muswada usomwe siku tatu tofauti, isipokuwa kwa dharura na kwa kibali cha theluthi mbili, yaani 90 Barazani au 45 Seneti (Texas ni kali zaidi, hutaka nne ya tano). Kila kura ya kusimamisha kanuni hii ni swali la katiba lisilo na pambo: je, kulikuwa na dharura? Ibara ya XI kifungu cha 5 hutaka tatu ya tano, 81 na 41, ili jimbo likope kwa ujenzi. Na Ibara ya IV kifungu cha 17 husema sheria isibebe zaidi ya jambo moja, nalo litajwe kwenye jina lake.

Hicho cha mwisho kina meno. Mwaka 1997 Bunge lilichomeka kifungu cha viwango vya mishahara ya ujenzi wa shule ndani ya sheria kubwa ya kodi. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya jimbo ilikiondoa kwa sababu hakikuhusiana na kodi, na kuiacha sheria iliyobaki isimame. Bado, usiku wa 19 Mei 2024, dakika za mwisho kabla ya katiba kufunga mlango wa kupitisha miswada, Bunge lilipitisha muswada mmoja wa kurasa zaidi ya 1,400 wenye kodi, barabara, afya, kazi, nishati na silaha. Anayeujua ule mtindo wa Dodoma wa "marekebisho ya sheria mbalimbali" atauelewa mara moja, ila Minnesota katiba inaukataza. Cha kujaza kwenye jedwali ni kura za hoja za kuugawa au kuupinga kwa msingi huo, pamoja na kura ya mwisho. Kisha rudi nyuma hadi miaka ambayo chama kingine kilishika usukani, utazame kama walewale waliolia mwaka 2024 walilia pia zamu yao ilipofika. Vyama vyote viwili vimekula kwenye kapu hili.

Namna ya kulijenga:

Chagua kura 20 za kipindi cha miaka miwili. Angalau 6 ziwe za utaratibu kama hizo, zisizidi 2 kutoka muswada mmoja, na angalau 4 ziwe ambazo vyama viligawanyika ndani kwa ndani.

Kwa kila kura andika katiba, ibara na kifungu, kisha swali: kifungu hiki kinakataza, kinaamuru, kinabishaniwa, au hakigusi? Cha "hakigusi" kitupe nje hata kama kinakuuma. Ndicho chakula cha bure shuleni. Cha "kinabishaniwa" kiweke safu yake peke yake, bila alama.

Amua jibu sahihi *kabla* ya kuona majina. Kwenye Excel ficha safu za jina na chama. Hatua hii watu huiruka kwa kuiona ya kitoto, na ndiyo inayotenganisha jedwali na kadi ya kampeni.

Fungua majina. Weka 1 kwa kura sahihi, 0 kwa kosa, U kwa mgonjwa au mwenye ruhusa, A kwa aliyekosa bila ruhusa au aliyevunja akidi. Kwa kura ya kupitisha muswada Minnesota, A ihesabu kama hapana. Kwa hoja za kawaida iache A. Toa matokeo kwa sehemu, "13 kwa 17", si asilimia. Asilimia huficha kwamba 17 ni chache.

Hukumu ya mahakama iongeze baadaye kama safu ya ushahidi, ukiandika ni mahakama ya ngazi gani. Usiitumie kama mizani peke yake. Sheria nyingi hazifiki mahakamani kamwe, na ile ya 1997 ilichukua miaka mitatu.

Uchague ipi

Kama uchaguzi ni kesho, soma kadi mbili za vikundi vinavyopingana na uangalie kura walizochagua *zote mbili*. Hizo ndizo kura nzito za kikao. Alama zenyewe ziache.

Kama shida yako ni kura moja, tuseme ulinzi wa mpangaji au leseni ya udereva, usipoteze muda na kadi. Nenda kwenye rekodi, hakiki toleo la mwisho, mwandikie mbunge ukitaja namba ya muswada na tarehe. Barua yenye namba hujibiwa tofauti na yenye malalamiko.

Kama ni kikundi cha jamii, kanisa au msikiti kinachotaka kuwachapishia watu wake kitu, fanyeni jedwali, na lifanywe na watu wawili wasiokubaliana kisiasa. Kila mmoja ajaze kura 20 peke yake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana kwenye 3 au chini, jadilianeni na mwandike sababu. Mkitofautiana kwenye 8, maswali yenu hayajafika kwenye vifungu bado. Yaandikeni upya kabla ya kumgusa mbunge yeyote. Taasisi yenye msamaha wa kodi wa kanisa au msikiti iangalie pia mipaka yake: kueleza rekodi za wabunge wote bila upande inaruhusiwa, kumpigia debe mgombea ni hatari, kwa hiyo jedwali liorodheshe wabunge wote wa eneo lenu na litoke mapema, si wiki ya uchaguzi.